Ng'ombe Wasiohesabiwa

Nilistaafu mwezi uliopita, na kabla sijazoea kuamka bila pa kwenda, vijana wa ofisi ya mifugo wameniomba niwaandikie niliyojifunza kwenye mitambo ya biogesi. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara yenyewe mnaijua. Nitaandika juu ya mtambo mmoja tu, ule wa Murusagamba, kwa sababu ndiko nilikokosea vibaya kuliko mahali pengine popote, na ndio ninaouonea fahari kuliko yote niliyoijenga.

Nilifika Ngara nikitokea kwetu Biharamulo, nimekaa juu ya mifuko ya saruji kwenye lori. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Vilima nilivyovijua vikiwa na miti vilikuwa vimefunikwa na maturubai, na moshi wa mafiga ulikuwa hauishi tangu kukicha hadi kuchwa. Watu wale walikuwa wamekimbia kifo, na aliyekimbia kifo naye lazima apike. Kwa hiyo miti ikaisha. Mama wa Kasulo au Murusagamba aliyezoea kuokota kuni nyuma ya migomba yake sasa alitoka asubuhi akarudi jua la mchana, na ugomvi wa mzigo mmoja wa kuni ulikuwa unafika mpaka kwa mtendaji wa kijiji.

Ndipo ukaja mradi wa kuwafundisha wenyeji kupikia gesi ya kinyesi cha ng'ombe. Mimi nilikuwa na cheti cha mifugo na wiki chache za mafunzo ya biogesi, nikakabidhiwa kazi ya kuchagua kaya na kupima ukubwa wa mitambo. Watu waliniita bwana shamba. Mwaka wa kwanza nilijaribu kuwasahihisha kwamba mimi ni bibi shamba. Mwaka wa pili nikaacha, maana kazi zilikuwa nyingi.

Kujenga nilifundishwa na Fundi Zakaria. Alikuwa mzee wa Biharamulo aliyejenga makanisa na matangi ya maji maisha yake yote, mtu wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa matamu. Siku ya kwanza alinipa kipande cha kamba na kigingi, akasema, "Chora duara." Nikachora. Akalitazama, akalifuta kwa mguu. Nilichora mara sita. Mara ya saba hakulifuta, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Mtambo wenyewe, kwa wasioujua, ni chungu kikubwa cha tofali kilichozikwa ardhini, chenye kichwa cha kuba. Upande mmoja kuna tundu la kulishia kinyesi kilichokorogwa na maji, ndoo kwa ndoo. Upande wa pili linatoka tope lililokwisha kumeng'enywa, ambalo ni mbolea. Gesi inakusanyika juu, chini ya kuba, na kutoka kwa bomba kwenda jikoni. Fundi Zakaria alikiita kitu hicho tumbo, basi. "Tumbo likitoboka juu, umejenga kisima," alisema. Kwa hiyo kila kuba aliloliziba kwa plasta aliingia ndani mwenyewe, akaniamuru nifunike tundu, akakaa gizani akitafuta mwanga. Palipopenya hata ncha ya sindano alipaka upya. Vifaa vyake vilikuwa mwiko, pimamaji, mpira mwembamba uliojaa maji ya rangi wa kupimia msukumo wa gesi, na kipande cha sabuni cha kusaka uvujaji kwenye viungo vya bomba. Siku hizi mna mashine za kunusa gesi. Sabuni bado ni bora, na haihitaji betri.

Kaya ya kwanza niliyoichagua Murusagamba ilikuwa ya Mzee Gervasi na mkewe, Mama Leokadia. Walikuwa Wakatoliki wa zamani, watu wa kuaminika, na nyumba yao ilikuwa karibu na njia, kila mtu angeona. Nilifika mchana wenye jua kali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nilitoa fomu. Swali la tatu lilikuwa idadi ya ng'ombe.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

"Wapo," akajibu.

"Wapo wangapi?"

"Wapo wa kutosha." Akaonyesha vilima kwa fimbo yake, mkono ukizunguka taratibu toka upande wa mpaka wa Burundi hadi upande wa barabara, kama mtu anayemwagilia.

Mimi ni Msubi wa Biharamulo, si mgeni kabisa. Nilijua kwamba huku mtu hahesabu ng'ombe wake kwa sauti. Anayewahesabu anawaitia kifo. Na miaka ile ng'ombe walikuwa wakiibwa, hivyo kumtajia idadi mtu wa serikali mwenye karatasi lilikuwa jambo la mjinga. Kwa hiyo sikumsumbua. Nikasema nitatumia akili. Nikaenda nyuma ya nyumba kulitazama boma. Lilikuwa boma kubwa la miti mizito, ardhi yake nyeusi, imekanyagwa miaka na miaka. Boma la namna hiyo, nikajiambia, ni la ng'ombe kumi na watano, tuseme kumi na wawili. Nikaandika kumi na wawili na kupima mtambo mkubwa, mkubwa kuliko yote tuliyokuwa tumepanga. Nilijiona nimekua katika kazi.

Jioni nilimwonyesha Fundi Zakaria.

"Umewaona hao ng'ombe?" akauliza.

"Wako malishoni. Nimeliona boma."

"Boma halinyi," akasema, akaendelea kuosha mwiko wake.

Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Shimo la mtambo mkubwa linataka nafasi, na nafasi pekee karibu na jiko ilikuwa na mashina matano ya migomba. Mama Leokadia alisimama mbele yake, mikono nyuma. Migomba ile aliikuta imepandwa na mama mkwe wake.

"Hii ndiyo inayolisha watoto wangu Januari mpaka Desemba," alisema. "Bibi shamba, nikikuachia uing'oe, utanipa moto wa kupikia maharage?"

Angalieni, hakusema chai. Huku kwetu chakula ni ndizi na maharage, na maharage makavu yanataka moto wa saa mbili au tatu. Chai inaweza kukudanganya. Maharage hayadanganyi mtu.

"Maharage ya watu wote wa nyumba hii, mama," nikamwambia. "Nakuahidi."

Akachukua panga akaikata mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine aishike.

Tulijenga kwa wiki nyingi. Kwa kujaza mara ya kwanza mradi ulitusaidia lori lililosomba kinyesi kutoka ranchi moja upande wa Biharamulo, na gesi ilipotoka, ilitoka kwa nguvu. Moto wa bluu, mrefu, unaunguruma. Kina mama wa jirani walikuja kuutazama, wengine wakipeleka mkono karibu kuhakikisha kwamba ni moto kweli. Kaya kumi zikaandikisha majina. Nilitembea kijijini shingo imesimama.

Moto ule ulikuwa wa kinyesi cha lori. Baada ya mwezi na kitu ulianza kufupika. Ukawa wa uji, kisha wa chai, kisha wa kuwashia sigara. Nilipaka sabuni kila kiungo, hapakuvuja. Fundi Zakaria alifika, hakugusa bomba. Aliniambia nilale pale, niamke kabla ng'ombe hawajafunguliwa.

Niliamka alfajiri nikaenda bomani. Katika boma lile kubwa walisimama ng'ombe wawili wenye pembe ndefu na mtamba mmoja, wakinitazama.

Ukweli niliupata kwa Mama Leokadia, kwa sauti ya chini, tukikoroga ndoo mbili za asubuhi. Zamani boma lilikuwa limejaa. Wakimbizi walipofika, malisho yakapungua na wizi ukaongezeka, Mzee Gervasi akawagawa ng'ombe wake kwa marafiki, huyu kilima hiki, yule kilima kile, ili balaa likija lisiwamalize wote kwa siku moja. Ni desturi ya tangu zamani. Aliyepewa ng'ombe anamtunza, anakunywa maziwa yake, na samadi ni ya migomba yake. Siku moja atarudisha ndama kwa heshima. Mwenye ng'ombe hadai chochote. Akidai, amevunja urafiki. Kwa hiyo Mzee Gervasi hakuwa amenidanganya. Ng'ombe walikuwepo. Walikuwa wakinya kwa watu wengine.

Mimi nilikuwa nimejenga tumbo la ng'ombe kumi na wawili kwa watu wenye watatu, juu ya migomba mitano ya mama mkwe.

Mama Leokadia hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliamua kulishughulikia tumbo kama mama yeyote anavyomshughulikia mtoto mwenye njaa: alilipa kilichokuwepo. Maganda ya ndizi, maganda ya mihogo, na baada ya siku ya kukamua pombe ya ndizi, makapi yote ya rubisi, ndoo baada ya ndoo. Kwa siku mbili mpira wa kupimia ulipanda, akafurahi. Siku ya tatu gesi ilitoka lakini haikushika moto, na jiko likanuka kama mtungi wa pombe iliyochacha. Tumbo lilikuwa limeingia uchachu.

Hapa niwape somo, kwa sababu wengi wenu mnaulizwa. Mabaki ya mazao yanatoa gesi, na nzuri. Lakini yakatwe madogo madogo, yaingie kidogo, na yaingie juu ya kinyesi kingi. Ni kachumbari, si ugali. Makapi ya pombe ndiyo msiyaguse kabisa mpaka mtambo uwe imara. Ukishachachuka, acheni kulisha, tieni maji ya majivu kidogo kidogo, kisha tafuteni kinyesi kibichi cha kutosha. Hilo la mwisho ndilo sisi hatukuwa nalo.

Kijijini wakaanza kusema jiko la bwana shamba linachemsha hewa. Kaya kumi zikawa sita, kisha mbili. Kutoka mjini Ngara mkubwa wa mradi akaniletea ujumbe: wageni, wenye fedha za mradi, watakuja mwisho wa mwezi, na kama mtambo haupiki, saruji iliyobaki itapelekwa wilaya nyingine. Sikuwaza saruji sana. Niliwaza mashina yale matano. Mama Leokadia alikuwa amerudi kwenye kuni. Nilimkuta njiani na mzigo kichwani, akanisalimia kwa upole.

Nikaenda kwa Mzee Gervasi. Nilimwambia wazi kwamba kosa ni langu, kwamba nilihesabu boma badala ya ng'ombe, na kwamba kinachoweza kuuokoa mtambo ni samadi ya wale wengine.

Aligeuzageuza fimbo yake mikononi.

"Mwanangu, mtu nimempa ng'ombe," akasema. "Nitarudije kwake kumwomba kinyesi? Atasema Gervasi anataka kumchukua ng'ombe kwa mkia."

Alikuwa na haki. Ni Fundi Zakaria, aliyekuwa amekaa pembeni akinoa panga ambalo halikuwa lake, aliyesema, "Kwani lile shimo la tope limejaa nini?"

Shimo la upande wa kutokea lilikuwa limejaa tope la wiki zile nzuri za mwanzo, kabla ya uchachu, jeusi, halina harufu. Hakuna aliyelitumia. Mzee Gervasi alilitazama, kisha akamtazama Fundi, kisha akacheka kidogo kwa pua.

"Kuomba siwezi," akasema. "Kupeleka naweza."

Siku tatu zilizofuata nilimwona akiondoka asubuhi na ndoo mbili za tope kwenye mti wa mabegani, kila mara kwa njia tofauti. Mara upande wa mpaka, mara upande wa barabara, mara kuvuka bonde. Mzee wa umri ule. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Zawadi haibebwi na mtu wa ofisi. Hakuniambia anakokwenda, nami sikuuliza. Nilikuwa nimejifunza kitu kimoja angalau.

Siku ya nne asubuhi walikuja wale waliopewa ng'ombe. Wa kwanza alikuwa Melkiori, mtu aliyeletwa kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake, miaka mingi kabla ya maturubai, akakulia Murusagamba, na kila mtu alimhesabu wa hapa. Kichwani alikuwa na kikapu cha samadi kilichofungwa majani ya migomba, na nyuma yake mkewe na kingine. Walimsalimia mzee, wakaweka vikapu kando ya tundu la kulishia.

"Mzee alituletea chakula kilichokwisha kuliwa," Melkiori akaniambia. "Tulikiweka kwenye migomba. Halafu mke wangu akasema, aliyekila hiki bila shaka bado ana njaa."

Wakaendelea kuja, kutoka njia zote alizopita na ndoo zake. Kikapu kimoja kwa kila ng'ombe. Sijui kama walipatana au ni adabu tu. Vilipangwa mstari kando ya ukuta wa jiko, na mimi, ofisa mwenye kalamu mfukoni, nikavihesabu bila kutaka, maana mtu hawezi kuyaambia macho yajifumbe. Hapo ndipo nilipojua idadi ya ng'ombe wa Mzee Gervasi. Nilipoinua kichwa nilimwona ananitazama. Nikaitoa ile fomu, nikafuta kumi na wawili, nikaandika: wapo. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kusalimia wageni wake.

Waliendelea kuleta kila asubuhi, na kila aliyeleta kikapu alirudi na ndoo ya tope. Hakuna aliyeomba wala aliyedai. Tuliulisha mtambo polepole kwanza, kwa siku nyingi, mpaka ile harufu ya mtungi ikaisha. Mpira wa kupimia ulipanda kidole, vidole vitatu, kiganja.

Wageni walipofika mkubwa wa mradi alimwomba Mama Leokadia awachemshie chai haraka, wauone moto, wawahi kurudi.

"Chai itasubiri," akasema Mama Leokadia. "Kuna maharage mekoni."

Wakakaa. Walikaa saa mbili na zaidi, suruali zao nzuri kwenye viti vifupi, wakisikiliza sufuria. Hapakuwa na ukuni hata mmoja katika jiko lile. Alipofunua, alichota punje moja kwa mwiko, akanipa mimi kwanza. Ilipondeka ulimini. Nimekula vyakula vingi vya sherehe maishani, sijala kitu kitamu kama punje ile. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya jiko. Fundi Zakaria alipita akaniona, akasema plasta ya tundu la kutokea ina ufa, niende nikaitazame. Haikuwa na ufa.

Saruji ilibaki. Tulijenga Murusagamba, Kasulo, na baadaye nikarudishwa Biharamulo nikajenga huko pia. Kila mtambo mpya niliuanzisha kwa ndoo chache za tope kutoka kwa Mama Leokadia, jinsi mtu anavyokwenda kwa jirani kupalia moto. Na tangu siku ile sikuuliza tena idadi ya ng'ombe. Nilifika alfajiri kabla hawajafunguliwa, nikaomba chepe, nikapima kilicholala bomani kwa ndoo. Wenzangu walinicheka kwa kunuka samadi kabla ya saa moja. Mitambo yao iliyokufa mimi ndiye niliyeitwa kuifufua, kwa hiyo tulilipana.

Fundi Zakaria alifariki akiwa bado anafanya kazi. Aliniachia ule mpira wa kupimia. Mzee Gervasi alifariki miaka michache kabla sijastaafu. Nilikwenda Murusagamba kwenye matanga. Wanawe walikuwa wametoka Mwanza, na mkubwa wao alinivuta pembeni kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Baba hakutuambia aliacha ng'ombe wangapi, wala wako kwa nani. Tumesikia wewe uliwahi kuwahesabu."

"Marahaba, baba," nikasema. "Wapo."

Kesho yake asubuhi, tukiwa tumekaa nje na waombolezaji, wakaanza kuingia kwa njia zote. Melkiori, kichwa kimekuwa cheupe, na wengine, na watoto wa wale waliokwishakufa. Kila mmoja na kikapu chake, kimefungwa majani ya migomba. Hawakuitwa. Waliviweka mstari kando ya ukuta wa jiko, wakaja kumpa mama pole. Yule mwana alisimama akavitazama, midomo ikichezacheza kama ya anayehesabu, kisha akaacha, akavua kofia.

Nikaingia jikoni. Majiko yote mawili ya gesi yalikuwa yakiunguruma chini ya masufuria makubwa ya maharage ya watu wa matanga, mtaa mzima. Mama Leokadia alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwiko mkononi.

"Bibi shamba," akasema, "siku ile ulimwambia mzee kwamba umelijenga tumbo hili kubwa mno."

"Nilimwambia, mama. Lilikuwa kosa langu."

"Halikuwa kubwa," akasema, akigeuza maharage. "Lilikuwa linangoja leo."

Nikakunja mikono ya gauni, nikatoka kukoroga.